Nembo Niliyorithi kwa Baba

Nyumbani kwetu hapakuwa na mjadala kuhusu gari. Baba alikuwa nalo moja tu, la gia za mkono, na alilifahamu kwa sauti kiasi kwamba akiwa sebuleni alijua nani kaliwasha na kama kalisubiri lipate moto kidogo kabla ya kuondoka. Mita ya kilomita ilikufa ikiwa imeshapita laki nne. Gari lenyewe likaendelea na safari zake. Magari ya kampuni nyingine zote baba aliyapa jina moja: mabati.

Kwa hiyo nilipoanza kupata kipato changu, sikuchagua gari, nilichagua rangi. Nembo ilikuwa imeshachaguliwa. La kwanza lilikuwa limetumika, nikakaa nalo miaka minane, likadai bushi, pedi za breki, betri mbili, basi. Kwenye mabishano ya magari nikawa naitetea ile kampuni kama vile inanilipa mshahara.

La pili ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, maana lilinigharimu pesa na usingizi, na mengi ya yaliyonipata yangeepukika kama ningeuliza maswali matatu au manne mapema. Kampuni sitaitaja. Nimeona magari ya nembo nyingine yakiwafanyia watu hivihivi.

Nilinunua jipya kabisa, kwa mkopo wa miaka mitano. Toleo lenyewe lilikuwa na mwaka wa kwanza sokoni, na mimi nikaona fahari kuwa miongoni mwa wa mwanzo kulimiliki. Leo nasema hivi: gari la mwaka wa kwanza wa toleo jipya lina vipuri vipya, mpangilio mpya wa kiwandani na programu mpya za kompyuta, na kuna kasoro ambazo majaribio ya kiwandani hayazioni mpaka maelfu ya watu waendeshe kwenye foleni zao, joto lao na milima yao. Mnunuzi wa mwanzo ni mfanya majaribio anayejilipia mwenyewe. Ukisubiri mwaka wa pili au wa tatu, kasoro nyingi zinakuwa zimeshapata dawa.

Kosa la pili lilikuwa brosha. Ilikuwa na picha ya tuzo ya ubora, nikaridhika. Sikuuliza ubora wa lini. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba J.D. Power, kampuni ya Marekani inayochunguza maoni ya wateja, ambao tuzo zao hutumiwa mno kwenye matangazo ya magari, wana uchunguzi zaidi ya mmoja. Upo unaowauliza wenye magari mapya kuhusu siku 90 za kwanza, na upo mwingine unaouliza kuhusu magari yaliyofikisha miaka mitatu. Yote miwili huhesabu matatizo kwa kila magari 100, na humo ndani simu iliyogoma kuungana na redio ni tatizo, kama ilivyo gia iliyogoma kuingia. Tuzo ya kwenye brosha yangu ilikuwa ya siku 90. Siku 90! Hata mchumba mbaya hujificha siku 90.

La tatu ni kwamba nililijaribu gari kwa dakika kumi, likiwa baridi, barabara nyeupe, muuzaji akizungumza mfululizo pembeni yangu. Na la nne, kubwa kuliko yote: sikuuliza gia yake ni ya aina gani. Niliambiwa ni otomatiki, nikaitikia. La baba lilikuwa la gia za mkono, langu la kwanza lilikuwa na otomatiki ya zamani ya gia nne, na hili lilikuwa na CVT, ambayo haina gia za kupandishana bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Ni kitu tofauti kabisa, kinachotaka oili yake maalumu na kisichopenda joto. Sisemi CVT zote ni mbovu, ziko zinazopita kilomita laki mbili bila neno. Ninachosema ni kwamba imani yangu ilijengwa na chuma cha aina moja nikaihamishia kwenye chuma cha aina nyingine, kwa sababu tu mbele palikuwa na alama ileile.

Mtetemo ulianza kwenye kilomita 31,000. Kwenye foleni, nikiachia breki na kukanyaga mafuta taratibu, gari lilitetemeka kama linalopita juu ya matuta madogo yaliyopangwa karibukaribu. Sekunde mbili tatu, kisha kimya. Nikalipeleka kwa wakala wa kampuni. Mpokeaji wa magari akaliendesha kuzunguka jengo, akarudi akitabasamu.

“Hii ni tabia ya haya magari, dada. Utazoea.”

Nami nikazoea. Nikiikumbuka siku ile najionea hasira, kwa sababu najua kabisa kwamba kama gari lingekuwa la kampuni nyingine nisingekubali jibu lile. Ningeng’ang’ania pale mapokezi mpaka meneja atoke. Lakini hawa walikuwa wetu, watu wa gari la baba. Mteja mwaminifu hulalamika kwa sauti ndogo, hulalamika kwa kuchelewa, na husamehe kabla ya kuombwa radhi. Kampuni inafaidi hapo kwa muda, kisha inapata hasara, kwa sababu inadhani ukimya wa mteja ni kuridhika.

Nilirudi kwenye kilomita 44,000. Wakachomeka kompyuta, wakaniambia wamesasisha programu ya gia. Gari likatulia wiki tatu. Nikarudi mara ya tatu, nikaambiwa hakuna hitilafu yoyote iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya gari. Mara zote hizo nilieleza kwa mdomo, na mara zote fomu ya kazi iliandikwa “sevisi ya kawaida”. Niliitia saini bila kuisoma.

Kama gari lako liko ndani ya waranti na lina jambo linalokusumbua, hata dogo, usiondoke pale kabla halijaandikwa. Liandikwe kwa maneno yako: linatetemeka, kwa mwendo gani, likiwa la moto au la baridi, kilomita ngapi, tarehe gani. Nakala ibaki kwako. Wakisema hawaoni tatizo, na hilo waliandike. Rekodi video ya dashibodi yenye sauti, siku ile tatizo linapotokea. Tena usiwaachie funguo ukaenda zako. Mpandishe fundi garini, uende naye ile saa na ile njia ambayo gari huwa linaleta matata. Gari baridi lililozungushwa kwenye uwanja wa wakala halisemi ukweli.

Baada ya kilomita 50,000 nilifanya jambo ambalo naona aibu kulisimulia, lakini lisipokuwemo simulizi hii itakuwa ya uongo. Mkopo ulikuwa unanibana, nikapeleka gari sevisi mbili kwenye gereji ya bei nafuu. Sikuchukua risiti. Sikuuliza walitia oili gani kwenye gia, wala kama walitia.

Gari lilinifia kwenye mlima, mama yangu akiwa kiti cha mbele na lori likiwa nyuma yetu. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia kwa nguvu, mwendo ukawa unashuka. Arobaini. Thelathini. Kumi na tano. Mama hakusema neno, alishika mkanda wake kwa mikono miwili. Lori lilipiga honi, likatukwepa, nami nikaserereka hadi pembeni huku mguu unanitetemeka. Mita ilisoma kilomita 78,000. Waranti ilikuwa ya miaka mitatu au kilomita 100,000. Siku zote nilikuwa naikumbuka hiyo laki moja, nikasahau kwamba katikati pana neno “au”, na kwamba kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Miaka mitatu ilikuwa imepita kwa miezi minne.

Wakala alisema giaboksi haifunguliwi, inabadilishwa nzima. Bei waliyonitajia ilikuwa mishahara yangu ya miezi saba, zaidi ya theluthi ya bei niliyonunulia gari zima. Na bado nilikuwa nadaiwa awamu 20 za mkopo. Fikiria kila mwezi unalipia kitu kilichoegeshwa, huku unalipa nauli ya kwenda kazini kutafuta pesa za kukilipia. Nilikaa hivyo miezi mitatu. Nilipungua. Nilikuwa mkali kwa watu wasiohusika.

Nikaandika barua makao makuu, kurasa mbili, nikaelezea mpaka gari la baba na kilomita zake laki nne. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Mistari minne. Walithamini uaminifu wangu wa miaka mingi, walisikitishwa na usumbufu, waranti ilikuwa imekwisha, wananitakia safari njema. Jina la toleo la gari walilolitaja halikuwa la gari langu. Bei ya giaboksi niliipokea kwa ganzi, ila ile mistari minne ilinitoa machozi nikiwa nimesimama jikoni na simu mkononi.

Ndipo nikaanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kutia saini mkopo. Nikagundua kwamba mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huweka wazi kwenye tovuti yake malalamiko ya wenye magari pamoja na taarifa za kiufundi ambazo watengenezaji huwatumia mawakala wao. Yeyote anaweza kuzisoma, hata kama hakai huko, na magari mengi hutumia injini na gia zilezile nchi kwa nchi hata yakibadilishwa majina. Nikaikuta taarifa ya gia ya aina yangu. Ilieleza mtetemo wa mwendo mdogo, karibu kwa maneno niliyokuwa nikiyatumia mimi pale mapokezi. Ilielekeza kwanza programu isasishwe, na mtetemo ukiendelea mkanda na puli vikaguliwe. Tarehe yake ilikuwa kabla ya safari yangu ya pili kwa wakala. Walifanya hatua ya kwanza wakaishia hapo, na niliporudi wakaniambia hakuna hitilafu.

Hapo ndipo nembo iliponitoka. Naikumbuka hata saa.

Niliandika tena, safari hii bila habari za baba. Nilijifunza kwamba watengenezaji wengi huwa na utaratibu wa kuchangia matengenezo ya gari ambalo waranti imepita kidogo tu. Hautangazwi, lazima uombe. Wanapoamua hutazama umepitiliza kwa kiasi gani, sevisi zako zilifanyika wapi, na kama tatizo lilisharipotiwa ndani ya muda. Mimi sevisi mbili hazikuwa na karatasi, na fomu zangu zote ziliandikwa “sevisi ya kawaida”. Kilichoniokoa kidogo ni ujumbe wa simu ambao yule mpokeaji alinitumia zamani kuthibitisha miadi “kuhusu ule mtetemo”. Sikuwa nimeufuta. Kwa ujumbe huo na ile taarifa ya kiufundi wakakubali kulipa robo ya bei ya kipuri, ufundi juu yangu.

Nikapiga hesabu. Hata kwa punguzo hilo, fundi wa nje aliyebobea kwenye gia za otomatiki alikuwa nafuu: giaboksi iliyokarabatiwa, kwa karibu nusu ya bei ya wakala, na dhamana ya miezi sita kwa maandishi. Nikaenda kwake. Alifungua ile ya zamani mbele yangu, akanionyesha mikwaruzo kwenye puli, akatumbukiza kidole kwenye oili iliyokuwa nyeusi, akainusa.

“Hii nani aliweka, dada?”

Sikuwa na jibu. Oili ya otomatiki ya kawaida ikitiwa kwenye CVT inaiua polepole, na mpaka leo sijui kilichotiwa mle ni nini. Sehemu ya lawama naibeba mwenyewe. Najua pia kwamba mtetemo ulianza kilomita 31,000, na ile gereji ya bei nafuu sikuifahamu mpaka nilipopita 50,000. Huyu fundi alinipa shauri moja ninalolifuata: wakikuambia oili ya gia ni ya maisha, uliza maisha ya nani. Yeye huibadilisha kila baada ya kilomita 60,000 hivi, na mapema zaidi kwa gari la foleni na milima.

Sasa kuna mdogo wangu. Yeye anaendesha gari la kampuni nyingine, mojawapo ya yale mabati ya baba. Lake limeharibika mara nyingi kuliko langu, na hili sikutaka kulikubali mpaka tulipoketi tukahesabu. Pampu ya mafuta, kioo cha mlango, kiyoyozi, sensa mbili. Lakini habari ya pampu aliipata kwa barua ya kampuni kabla pampu yenyewe haijafa. Wakampa gari la kutumia siku mbili, wakamrudishia lake limeoshwa, hawakumdai kitu. Kiyoyozi kilipokufa waranti ikiwa imeisha kwa wiki tano, walikibadilisha bila yeye kubishana. Juzi amenunua la pili kwao. Nilimwuliza kama amerogwa. Akacheka, akasema, “Dada, mimi likiharibika silali macho.”

Maneno yake yalinikumbusha kisa cha Lexus. Ilikuwa 1989, ndiyo kwanza Toyota wameanza kuuza nembo hiyo mpya nchini Marekani, wakishindana na makampuni ya kifahari yenye umri mkubwa. Hata mwaka haujaisha, gari lao la LS 400 likaonekana lina kasoro, wakayaita yote yaliyouzwa yarekebishwe, karibu magari 8,000. Mafundi waliyafuata magari kwa wenyewe, wakayatengeneza, wakayaosha, wakayajaza mafuta, na kazi nzima ikaisha ndani ya wiki chache. Nembo changa iliyopaswa kuchafuka ikatoka pale na sifa. Ukiniuliza mimi, robo ya wale wateja walikuja kuwa waaminifu kwa sababu ya kasoro yenyewe, ingawa hiyo robo nimeikisia tu.

Na imani ikishavunjika, kuirudisha ni ghali. Hyundai waliingia Marekani mwaka 1986 kwa gari la bei ndogo lililouzika sana, kisha ubora wake ukawapaka jina baya. Mwaka 1998 walilazimika kutangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia, kwa mmiliki wa kwanza. Watu hawakuombwa waamini maneno, walipewa karatasi.

Kwa baba nilichelewa kwenda. Nilijua atauliza. Nilipomaliza kumsimulia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilikusifia gari langu. Hilo lako sikuwahi kuliona.” Sikupata usingizi vizuri usiku ule. Ni kweli. Waliolitengeneza gari lake wameshastaafu, viwanda vilivyotoa vipuri vyake vimebadilika, na giaboksi yangu huenda haikutengenezwa hata na kampuni yenye nembo, kwa kuwa watengenezaji wengi hununua gia kwa wazalishaji wa nje. Kuanzia 1984 General Motors na Toyota waliendesha kwa ubia kiwanda kilichoitwa NUMMI, huko Fremont, California. Kwenye kiwanda hicho zilitoka Toyota Corolla na Geo Prizm (Geo ilikuwa nembo ya General Motors), magari mawili ambayo kwa undani ni ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo yakishatumika, Corolla ilipata bei kubwa kuliko Prizm. Aliyenunua Prizm wakati ule alipata chuma kilekile kwa pesa pungufu, kisa hakuwa amerithi nembo kwa mtu.

Gari lile nililiuza baada ya mwaka. Nilimwonyesha mnunuzi faili lote, mpaka barua ya mistari minne, na kwa hiyo akanipunguzia bei. Afadhali hivyo.

Nilipotafuta jingine sikuanza na nembo. Nilienda kwa mafundi watatu wasiouza magari nikawauliza gari gani huwa hawalioni gerejini, na lipi huja kwa kuvutwa. Niliuliza madereva wa teksi, kwa sababu wao hufikisha kwa mwaka kilomita ambazo mimi nazipata kwa miaka minne. Nilitafuta jina la injini na la giaboksi, nikasoma malalamiko ya waliofika kilomita laki moja, nikaacha maoni ya waliolinunua mwezi uliopita. Toleo lilikuwa na miaka mitatu sokoni. Nililiendesha saa nzima, mchana wa jua, kwenye foleni na kwenye mlima. Muuzaji alichoka, akaacha kuzungumza. Waranti niliisoma neno kwa neno, na kila penye “au” nikapiga mstari. Ni la kampuni ambayo baba hajawahi kuipenda, na halijanisumbua hadi sasa, lakini lina kilomita 40,000 tu, siwezi kuapa.

Mwezi uliopita baba alinituma dukani kwa yule wakala wa zamani, anataka raba ya mlango ya gari lake. Walikuwa nayo. Kijana wa kaunta alipoliona jina langu kwenye kompyuta akachangamka, akaniambia mimi ni mteja wao mwaminifu na toleo jipya limeingia wiki hii, nilipende nisilipende nikalione. Nikaenda nikaliona. Zuri. Nikamwuliza giaboksi yake ni ya aina gani na nani anaitengeneza.

Akasema ngoja aulize.